Nani Atamlinda Uria?

SABATO MCHANA

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Yer. 26:1-24; 1 Fal. 21:1-16, 2 Sam. 16:5-13; 1 Fal. 2:36-46, Dan. 6:1-10, Mdo. 25:9-12, Rum. 12:17–13:7.

Fungu la kukariri: Mit. 31:8, 9 (likariri kutoka katika Biblia unayoitumia nyumbani).

Mwezi Septemba 2025 baadhi ya wabunge wa chama cha Democratic nchini Marekani, akiwamo Seneta Chris Murphy wa jimbo la Connecticut, walitangaza muswada walioupa jina la No Political Enemies Act. Maana ya jina hilo ni kwamba mbele ya serikali pasiwepo raia anayehesabiwa kuwa adui kwa ajili ya siasa. Kiini chake ni chepesi kueleweka. Afisa wa serikali ya shirikisho asitumie mamlaka ya ofisi yake kumwadhibu mtu kwa sababu ya maneno yake ya kisiasa. Na mtu anayeandamwa kwa sababu hiyo aweze kuliweka jambo hilo mbele ya hakimu kama utetezi wake, na kudai fidia. Katika juma lilelile kituo cha ABC kilikuwa kimesimamisha kipindi cha mchekeshaji Jimmy Kimmel, baada ya mwenyekiti wa tume inayosimamia utangazaji kutoa onyo hadharani. Kipindi hicho kilirudi siku chache baadaye.

Hatujifunzi juma hili ili kuamua ni chama gani cha Marekani kina haki. Tunajifunza kwa sababu muswada huo umeuliza swali ambalo Biblia iliuliza zamani. Mtawala akisemwa vibaya, ana haki gani ya kulipa? Je, mwamini aliyeagizwa kuwaheshimu wenye mamlaka atamani sheria inayowafunga mikono? Na je, aitamani hata pale inapomlinda mtu ambaye maneno yake yanamchukiza?

*Jifunze somo la juma hili kwa maandalizi ya Sabato ijayo.*

JUMAPILI
Kesi Penye Lango Jipya

Soma Yer. 26:1-24. Ni mambo gani yaliyomwokoa Yeremia? Kwa nini Uria hakuokoka?

Yeremia alisimama katika ua wa nyumba ya Bwana akatangaza kwamba mji utaangamizwa wasipotubu. Makuhani, manabii na watu wakamkamata wakitaka afe. Wakuu wa Yuda wakapanda kutoka nyumba ya mfalme, wakaketi penye lango jipya, na kesi ikasikilizwa.

Angalia jinsi ilivyoendeshwa. Mshtakiwa alipewa nafasi ya kusema. Kisha wazee wa nchi wakasimama na kukumbusha habari ya Mika Mmorashti, ambaye miaka mingi nyuma alitabiri kwamba Sayuni utalimwa kama shamba. Je, Hezekia alimwua? Hakumwua. Alimcha Bwana, na mji ukapona. Wazee walikuwa wanasema kwamba nchi hii ina desturi, na desturi hiyo imetufaa: anayetuonya hatumwui.

Lakini sura hiyohiyo inatupa kesi ya pili. Uria mwana wa Shemaya, wa Kiriath-yearimu, alitabiri maneno yaleyale. Mfalme Yehoyakimu alipotaka kumwua alikimbilia Misri. Mfalme akatuma watu hadi huko, akaletwa, akauawa kwa upanga, na maiti yake ikatupwa katika makaburi ya watu wasio na cheo.

Ujumbe ulikuwa mmoja, na mfalme alikuwa mmoja. Tofauti ni nini? Aya ya mwisho ya sura inajibu: mkono wa Ahikamu mwana wa Shafani ulikuwa pamoja na Yeremia. Ahikamu alikuwa mtu wa ukoo mkubwa, aliyezoea kuingia na kutoka katika nyumba ya mfalme. Yeremia alikuwa na Ahikamu. Uria hakuwa naye.

Hapa ndipo tunapoanza kuelewa kazi ya sheria. Mahali ambapo usalama wa msema kweli hutegemea kujuana na mkubwa, akina Yeremia wachache watapona na akina Uria wengi watazikwa bila jina. Sheria iliyo njema ni Ahikamu wa mtu asiye na Ahikamu.

Tafakari: Katika nchi yako, mtu wa kawaida akiikosoa serikali, usalama wake hutegemea nini zaidi: sheria, au watu anaowafahamu?

JUMATATU
Barua Zenye Muhuri wa Mfalme

Soma 1 Fal. 21:1-16. Nabothi alikosa nini? Orodhesha hatua ambazo Yezebeli alizifuata. Ni ngapi kati ya hizo zilionekana kuwa halali?

Nabothi alimwambia mfalme neno moja tu: hapana. Yezebeli hakutuma wauaji wa usiku. Aliandika barua kwa jina la mfalme, akazitia muhuri, akazituma kwa wazee wa mji. Saumu ikatangazwa. Mashahidi wakapatikana wawili, kama torati ilivyotaka. Shtaka likasomwa hadharani na hukumu ikatekelezwa. Mpita njia angedhani kwamba ameona haki ikitendeka.

Kisasi cha dola mara nyingi huja hivyo. Huja kama ukaguzi wa kodi, leseni inayocheleweshwa, au barua ya kusimamishwa kazi yenye kumbukumbu namba na saini. Tena huenda kikapitia mkono wa mtu mwingine, kama Yezebeli alivyowatumia wazee. Mwaka 2024 majaji wote tisa wa Mahakama ya Juu ya Marekani walilisema jambo hilo katika shauri la chama cha wamiliki wa bunduki, NRA, dhidi ya afisa aliyesimamia makampuni ya bima na fedha New York. Walisema kwamba, kama madai ya chama hicho ni ya kweli, afisa huyo alivunja katiba kwa kuyashinikiza makampuni yaachane nacho ili kuadhibu maoni yake. Jambo ambalo serikali imekatazwa kulitenda kwa mkono wake, haliwi halali kwa kumkodi mwingine alitende.

Lakini je, aliyetendewa afanye nini? Sheria ya Marekani ya mwaka 1871 inamruhusu raia kumshtaki afisa wa jimbo au wa mji aliyemvunjia haki zake za kikatiba. Haimgusi afisa wa serikali ya shirikisho. Mwaka 2022 lilifika mbele ya Mahakama ya Juu shauri la mwenye nyumba ya wageni karibu na mpaka wa Kanada. Alidai kwamba alimlalamikia afisa wa doria ya mpaka kwa wakubwa wake, na kwamba afisa huyo akalipa kisasi kwa kumripoti kwenye ofisi za serikali, ikiwamo ya kodi, hata akakaguliwa. Majaji hawakutofautiana katika hoja hiyo: bila sheria ya Bunge, hakuna njia ya kudai fidia kwa kisasi cha namna hiyo. Wenye kuziba pengo hilo ni Bunge. Muswada wa mwaka 2025 umesimama penye pengo hilohilo.

Tafakari: Kwa nini udhalimu unaofuata utaratibu ni mgumu kuutambua kuliko udhalimu wa wazi? Wazee wa mji wa Nabothi wangeweza kufanya nini?

JUMANNE
Shimei Alikosa

Soma 2 Sam. 16:5-13. Je, maneno ya Shimei yalikuwa ya kweli? Daudi alimjibu Abishai nini, na kwa sababu gani?

Ni rahisi kumtetea Yeremia, kwa maana tunajua kwamba alisema neno la Bwana. Mtihani wenyewe ni Shimei. Huyu hakuwa nabii. Alitupa mawe na mavumbi, akamshtaki Daudi kwa damu ya nyumba ya Sauli, damu ambayo vitabu vya Samweli vinaonyesha kwamba Daudi alijitahidi kuiepuka. Abishai alikuwa na upanga tayari. Daudi akamzuia: mwache alaani, huenda Bwana ndiye aliyemwambia.

Daudi hakusema kwamba Shimei ana haki. Alisema jambo lenye kina zaidi. Mtu anayesemwa si mwamuzi mwema wa maneno yanayomhusu. Katika matukano ya uongo huenda mmefichwa neno ambalo Mungu anataka mfalme alisikie, na Daudi, ambaye damu ya Uria Mhiti ilikuwa juu yake, alijua kwamba hakuwa mtu safi.

Wapo wanaosema: tulinde ukweli tu, na uongo dhidi ya serikali uadhibiwe. Marekani ilijaribu. Sheria ya uchochezi ya mwaka 1798 iliadhibu maandishi ya uongo, ya kashfa na ya chuki dhidi ya serikali, Bunge na Rais, na ilimruhusu mshtakiwa kujitetea kwa kuthibitisha kwamba alisema kweli. Kwa maneno ilionekana sheria ya haki. Lakini haikumtaja Makamu wa Rais, Thomas Jefferson, aliyekuwa wa upande wa upinzani, na iliwekewa tarehe ya mwisho Machi 3, 1801, mwishoni mwa muhula wa Rais John Adams. Mbunge Matthew Lyon wa Vermont alifungwa miezi 4 na kutozwa faini ya dola 1,000. Watu wake wakamchagua tena akiwa gerezani.

Basi swali si kama uongo ni dhambi. Ni dhambi (Kut. 20:16). Swali ni nani apewe rungu la kuuadhibu. Tukimpa yule yule aliyesemwa, tumemfanya mlalamikaji kuwa hakimu. Mtawala aliyekashifiwa anaweza kujibu kwa hoja, na anaweza kwenda mahakamani kama raia mwingine yeyote. Na anayetishia kumwua mtu au kuchochea ghasia hawezi kujificha nyuma ya uhuru wa kusema. Lakini kati ya hayo na ukali wa maneno kuna nafasi pana, na Shimei alisimama humo.

Tafakari: Kumbuka lawama kali uliyowahi kupokea. Je, kulikuwa na chembe ya ukweli ndani yake? Ungeiona chembe hiyo kama ungekuwa na uwezo wa kumnyamazisha aliyesema?

JUMATANO
Sababu ya Midomoni na Sababu ya Moyoni

Soma 1 Fal. 2:8, 9, 36-46. Shimei aliuawa kwa kosa gani? Linganisha aya ya 42 na aya ya 44. Kisha soma Dan. 6:4, 5.

Biblia haifichi mwisho wa habari ya Shimei. Daudi alimwapia kwamba hatamwua, lakini alipokuwa karibu kufa alimkabidhi Sulemani jambo hilo. Sulemani akamwagiza Shimei akae Yerusalemu asivuke kijito Kidroni. Baada ya miaka mitatu watumwa wake wawili walikimbilia Gathi. Akawafuata, akarudi nao, akahukumiwa. Kosa lilikuwepo, na Shimei mwenyewe alikuwa ameliridhia sharti. Hata hivyo Sulemani, alipokuwa akitoa hukumu, alitaja pia uovu ambao Shimei alimtendea Daudi. Sababu mbili zilikutana katika hukumu moja. Nani ataweza kuzitenganisha?

Huu ndio ugumu wa sheria ya kuzuia kisasi, na wenye shaka juu yake wana hoja. Kila mkwepa kodi atasema kwamba anaandamwa kwa siasa zake. Mkaguzi mwaminifu ataogopa kuyagusa mafaili ya watu wenye kelele. Kwa sababu hiyo Mahakama ya Juu ilisema mwaka 2019 kwamba kwa kawaida, polisi akiwa na sababu za kutosha za kumkamata mtu, shauri la kisasi litaanguka. Ila aliyekamatwa anaweza kuonyesha kwamba wengine waliotenda kama yeye, lakini hawakusema kama yeye, waliachwa.

Mwaka 2024 mahakama hiyo iliupanua mlango kidogo. Diwani mwanamke wa miaka 72 katika mji wa Castle Hills, Texas, alihamasisha ombi la wananchi la kumwondoa meneja wa mji. Ombi hilo lilipokutwa katika jalada lake alikamatwa kwa shtaka la kuharibu kumbukumbu za serikali. Alionyesha kwamba katika mashtaka ya miaka kumi ya wilaya yake hakuna aliyewahi kushtakiwa kwa kitendo cha namna hiyo. Mahakama ilisema kwamba ushahidi wa aina hiyo uzingatiwe.

Hatuwezi kuusoma moyo wa afisa. Bwana peke yake huutazama moyo (1 Sam. 16:7). Lakini tunaweza kuuliza swali ambalo Danieli 6 inatufundisha: je, walikutana na kosa wakaenda kumtafuta mkosaji, au walianza na mtu wakaenda kumtafutia kosa? Maliwali walianza na Danieli. Alipokosa kuwa na kosa walitunga sheria ili alipate.

Tafakari: Je, ni vibaya kumwadhibu mtu kwa kosa la kweli, ikiwa kosa hilo lisingetafutwa kama angenyamaza? Toa sababu za jibu lako.

ALHAMISI
Upanga Ni wa Nani?

Soma Rum. 12:17–13:7 bila kusimama mwishoni mwa sura ya 12. Paulo anamkataza nani kulipa kisasi? Kisha anasema upanga umetolewa kwa kazi gani?

Tumezoea kuisoma Warumi 13 peke yake, tukiisikia ikisema na raia tu: tii, lipa kodi, heshimu. Hayo ni kweli na yanatufunga. Anayemtukana mkuu wa watu wake hapati ruhusa katika somo hili (Mdo. 23:5). Lakini Paulo anamwita mwenye mamlaka mtumishi. Mtumishi hachukui chombo cha bwana wake kwenda kumalizia ugomvi wake binafsi. Hasira ya mtawala ni yake mwenyewe, na ataijibia kama sisi tunavyojibia zetu. Ofisi ya kodi, polisi na leseni si vyake. Vimelipiwa na watu wote, pamoja na yule anayemtukana. Kwa hiyo kisasi cha ofisini ni dhambi mbili: ni kisasi, na ni wizi wa mali ya umma.

Wengine watauliza: je, Mkristo si afadhali avumilie kama Bwana wake (1 Pet. 2:19-23)? Naam, kwa habari ya jeraha lake mwenyewe asamehe. Lakini Paulo, aliyefundisha uvumilivu, alikata rufani kwa Kaisari alipoona kwamba liwali anataka kuwapendeza washitaki wake (Mdo. 25:9-12). Na Mithali 31:8, 9 haizungumzii kinywa changu kwa ajili yangu, bali kwa ajili ya asiyeweza kujisemea. Ninaweza kulisamehe kofi nililopigwa mimi. Sina mamlaka ya kulisamehe kwa niaba ya jirani.

Hapa ndipo moyo unapopimwa. Mwaka 2013 ofisi ya kodi ya Marekani iliomba radhi kwa kuyachuja kwa ukali maombi ya vikundi vyenye jina la Tea Party, na Warepublikan wakakasirika. Mwaka 2017 mkaguzi alieleza kwamba vikundi vya mrengo wa pili pia vilichaguliwa kwa majina yao. Mwaka 2025 ni Wademokrasia walioleta muswada. Kila upande huipenda ngao unapokuwa chini na huuona umuhimu wa upanga unapokuwa juu.

Waadventista wana kumbukumbu ya njia nyingine. Desemba 1888 Alonzo T. Jones alisimama mbele ya kamati ya Seneti kuupinga muswada wa Seneta Blair wa pumziko la Jumapili. Wazo la kuwaondoa washika Sabato katika adhabu ya sheria hiyo halikumridhisha. Alipinga sheria yenyewe, kwa kuwa ingemlazimisha na asiyeamini lolote. Kuomba kinga kwa ajili yetu tu ni kuomba upendeleo. Mathayo 7:12 inatutaka tuombe zaidi ya hapo.

Tafakari: Mtaje moyoni mwanasiasa au mwandishi ambaye maneno yake yanakuudhi sana. Akionewa na serikali unayoipenda, je, utasema?

IJUMAA
Jifunze Zaidi

Soma Yeremia 36 hadi 38 kwa mfululizo. Utaona Yehoyakimu akilikata gombo kwa kisu na kulitupa motoni kipande baada ya kipande, na gombo likiandikwa upya, tena kwa maneno zaidi. Utamwona pia Ebedmeleki Mkushi, mgeni katika nyumba ya mfalme, akimtetea nabii aliyetupwa shimoni. Hakuwa na ukoo wa Shafani. Alikuwa na kinywa, kamba na matambaa makuukuu.

Habari hiyo inatuzuia tusiitegemee sheria kupita kiasi. Muswada mzuri unaweza kukwama bungeni, na sheria iliyopitishwa hukaa kitabuni mpaka apatikane hakimu wa kuisoma bila woga na shahidi wa kusema alichokiona. Sheria haimbadilishi Yehoyakimu. Kazi yake ni kuurefusha umbali kati ya hasira yake na shingo ya Uria. Umbali huo ni maisha ya mtu.

Wala tusidhani kwamba somo hili linawahusu marais tu. Mwenyekiti wa kikundi cha akiba anayemnyima mkopo aliyeuliza hesabu, mwalimu mkuu anayempangia zamu mbaya aliyemkosoa, mzee wa kanisa anayeliondoa jina la ndugu katika orodha ya wahubiri kwa sababu alipinga jambo barazani: kila mmoja ameshika kitu cha wote na kukitumia kwa kinyongo chake. Hatuwezi kuidai serikali haki ambayo hatuitendi katika baraza la kanisa.

Maswali ya Kujadili:

1. Wazee wa nchi katika Yer. 26:17-19 walitumia historia kumwokoa mtu. Ni matukio gani ya historia ya nchi yako yangefaa kukumbushwa viongozi wanapokasirikia wakosoaji wao? Kwa nini kumbukumbu hizo husahaulika?

2. Mwanadarasa mmoja asema: “Sheria ya namna hii itawapa waongo kiburi.” Mwingine asema: “Bila sheria hiyo, ni waongo walio madarakani tu watakaosema.” Je, wote wawili wana haki kwa kiasi fulani? Mngewapatanishaje?

3. Kumheshimu mwenye mamlaka na kumkosoa kunakutana wapi? Tazameni namna Nathani alivyomwendea Daudi (2 Sam. 12:1-14) na namna Shimei alivyomwendea. Je, sheria ya nchi inapaswa kuwalinda wote wawili? Kanisa liwafundishe waumini wake kuiga yupi?

4. Fikirini juu ya kamati, baraza au kikundi ambacho mmoja wenu anakiongoza. Ni utaratibu gani mngeweza kuuweka, kuanzia mwezi huu, ili anayewakosoa viongozi asipoteze nafasi yake kwa sababu hiyo? Uandikeni, na mwupeleke mahali unapoweza kupitishwa.